Kufufua paa la kukunja la Ford Model T: mwongozo kwa anayeanza

Maswali huwa yale yale. Ninunue kitambaa gani? Mita ngapi? Fundi anayeshona viti vya matatu ataiweza kazi hii? Kisha baada ya miezi michache mtu yule yule anarudi na swali jingine: mbona paa jipya limekaa upande?

Hilo la mwisho ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza. Paa la kitambaa kwenye gari la kale ni kazi ya fremu. Kushona kunafuata baadaye. Kitambaa hakinyooshi kitu. Kinalala vile matao (mbao zilizopindwa zinazolibeba paa) yalivyosimama, na kama tao moja limeinama, kitambaa kipya kilichokazwa kitaianika kasoro hiyo kuliko kile kikuukuu kilicholegea. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye matao, mikanda na vipimo. Kushona nitakupitisha haraka, maana fundi yeyote wa turubai anayeijua cherehani yake atashona vizuri ukimpa kiolezo sahihi.

Gari la mfano wetu ni Ford Model T ya wazi ya abiria watano. Nimelichagua kwa sababu lilitengenezwa kwa wingi (zaidi ya magari milioni 15 ya aina zote kati ya 1908 na 1927) na hadi leo vipuri vya paa lake vinatengenezwa upya Marekani. Ukiwa na Ford Model A, Chevrolet au Morris ya wazi ya miaka ile, hatua hazibadiliki sana. Vipimo ndivyo vitabadilika.

Kwanza jua gari lako lilitoka wapi

Kuna seti za paa zilizokwisha kukatwa na kushonwa, unaagiza na kugongelea tu. Kabla hujalipa, zunguka gari uangalie milango ya mbele. Model T nyingi za wazi zilizoundwa Marekani kabla ya toleo la 1926 zina mlango wa uongo mbele kushoto: umbo la mlango limechongwa kwenye bati, lakini haufunguki. Zile za Canada zinafunguka pande zote mbili. Ford ya Canada, iliyoanzishwa 1904 ng'ambo ya mto kutoka Detroit, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza katika himaya ya Uingereza nje ya Uingereza yenyewe, hivyo gari lililofika Kenya, Uganda au Tanganyika enzi hizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa la Canada, usukani kulia. Ukiagiza seti ya gari la Marekani, pazia la pembeni halitakuwa na nafasi ya mlango wako wa mbele kushoto. Wauzaji wazuri hukuuliza. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Majina ya sehemu, ili tuelewane

Tao ni ule ubao uliopindwa unaovuka gari kutoka upande hadi upande. Ncha zake zimechomekwa kwenye mabomba bapa ya chuma, na mabomba hayo hukutana kwenye egemeo lililofungwa ubavuni mwa bodi, ndipo paa linapokunjika. Juu ya matao hupita mikanda miwili kutoka nyuma hadi mbele. Ndiyo inayoshika nafasi kati ya tao na tao. Juu ya mikanda kuna pedi mbili ndefu, kisha kitambaa chenyewe: kipande cha kati na viwili vya ubavuni. Nyuma kuna pazia la nyuma lenye dirisha. Mapazia ya pembeni hufungwa siku ya mvua tu.

Vitu vya kuandaa

- Kitambaa cha paa. Nakieleza chini kidogo.
- Marekani (kile kitambaa chepesi cha pamba) ya kukatia kiolezo. Usijaribu kuokoa pesa hapa. Mita za marekani ni nafuu kuliko kitambaa cha paa kilichokatwa vibaya.
- Mikanda imara ya pamba au poliesta isiyovutika, upana sawa na ya zamani.
- Misumari midogo ya fundi viti, kichwa kipana, urefu wa milimita 10 hadi 13. Msumari usitokeze upande wa pili wa tao.
- Nyundo nyepesi yenye sumaku. Mafundi wa zamani waliweka misumari mdomoni na kuitema mmoja mmoja kwenye sumaku. Usiwaige, weka kwenye kisahani.
- Kifaa cha kung'olea misumari, patasi nyembamba, msharasi, mkasi mzito, chaki, futi ya utepe, pima maji na timazi.
- Vibanio thelathini au zaidi. Vile vyeusi vya kubania karatasi ofisini vinafaa.
- Uzi wa poliesta namba 92, sindano za cherehani 110/18 hadi 125/20, na kipande cha nta.
- Fito nne nyepesi zilizonyooka, urefu wa mita 2.5, na kamba.
- Gundi ya mbao isiyoogopa maji, msasa, praima na rangi nyeusi.
- Barakoa. Paa la zamani limebeba vumbi, ukungu na mara nyingi kiota cha panya, na rangi za enzi zile zinaweza kuwa na madini ya risasi.
- Mtu wa pili. Kuna hatua mbili humu ambazo mikono miwili haitoshi kabisa.

Sasa kitambaa. Cha asili kilikuwa cha pamba kilichopakwa mpira mweusi, na unaweza kupata kinachofanana nacho. Chaguo langu kwa gari linalotembea ni kitambaa cha tabaka tatu: uso wa akriliki, mpira katikati, na kitambaa tena upande wa ndani. Kampuni ya Haartz ya Massachusetts, iliyoanza 1907, ni maarufu kwa aina hiyo. Hakipitishi maji, hakivutiki ovyo na kinakunjika bila kupasuka. Ngozi bandia ya viti haifai, inavutika. Turubai la plastiki la lori ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi: ni zito, linang'aa, na likikunjwa mara chache linaanza kupasuka kwenye mikunjo.

Mita ngapi? Vitambaa vingi vya paa vina upana wa sentimita 152 hivi. Pima kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele, juu ya matao yote, hadi ukingo wa bodi nyuma, ongeza nusu mita, kisha chora kwenye karatasi jinsi kila kipande kitakavyolala ndani ya upana huo, pazia la nyuma na ya pembeni pia. Usinunue kwa kukisia, na nunua chote siku moja kutoka roli moja. Nyeusi ya roli hii na nyeusi ya roli ile hazilingani juani.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha na upime kabla ya kung'oa msumari hata mmoja. Simamisha paa la zamani, hata kama limechanika. Pima nafasi kati ya tao na tao sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Pima kimo cha kila tao kutoka ukingo wa bodi. Piga picha pembe zote, hasa pembe za nyuma na namna kitambaa kinavyozunguka tao la mwisho. Andika vipimo kwenye daftari. Kama gari limekujia bila paa kabisa, tafuta mwenye gari la mwaka huohuo akuruhusu upime lake. Picha za mtandaoni hazitoi kipimo.

2. Vua kwa kurudi nyuma. Kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza: utepe unaoficha misumari, kitambaa cha juu, pazia la nyuma, pedi, mikanda. Ng'oa msumari kwa kifaa chake, usikivute kitambaa. Kila kipande kiandike kwa chaki: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu. Kabla ya kukata mkanda wa zamani, funga kamba kati ya matao ili yasianguke na kupiga madigadi au kidole chako. Usitupe chochote. Kile kitambaa kilichooza ndicho ramani yako mpaka siku ya mwisho ya kazi.

3. Kagua mbao. Choma kila tao kwa msharasi, hasa pale misumari ilipopita. Ncha ikizama bila kipingamizi, ubao umeoza. Tazama pia pale ubao unapoingia kwenye bomba la chuma. Maji hukaa humo na tao huvunjika hapo hapo. Usisahau ule ubao unaozunguka ukingo wa bodi nyuma ya kiti, maana pazia la nyuma litagongelewa juu yake. Kama umeoza, paa lote litaning'inia kwenye unga wa mbao.

   Tao zima lenye matundu mengi tu linaweza kuokolewa. Chonga vijiti vyembamba vya mwanzi, vichovye kwenye gundi, vigongee kwenye kila tundu, acha vikauke, kata usawa. Usizibe matundu kwa puti ya mbao ya dukani, haishiki msumari. Utagongelea vizuri leo, mwezi ujao upepo wa barabarani utaing'oa yote.

4. Tao lililokufa, tengeneza jipya. Mbao za asili zilikuwa za mti wa ashi wa Marekani, uliopindwa kwa mvuke. Kanuni ya mafundi ni saa moja ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene, kisha ubao unatolewa moto moto na kubanwa kwenye kalibu kabla haujapoa. Pinda kuzidi kidogo, kwa sababu ukiachiwa hurudi. Mbao zilizokaushwa kwa tanuri hukatika. Tafuta zilizokaushwa na hewa.

   Kama huna mtambo wa mvuke, na wengi hatuna, kuna njia ambayo binafsi naiona bora zaidi kwa mtu wa karakana ndogo. Pasua mbao ziwe tabaka za milimita 3, paka gundi ya epoksi, zipange kwenye kalibu na uzibane kwa klampu nyingi hadi siku ya pili. Tao la namna hii halirudi nyuma na halijikunji. Chagua mti wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, usio mgumu kupita kiasi. Mpingo utapinda misumari yako, na msonobari utaitema.

5. Vyuma. Ondoa kutu, angalia kila egemeo na kila ribiti. Kama egemeo lina mchezo, ncha ya tao inayumba sentimita nzima au zaidi, na kipimo chochote utakachochukua baadaye ni cha bure. Badilisha ribiti zilizolegea, nyoosha mabomba yaliyopinda ukilinganisha la kushoto na la kulia yakiwa yamelala mezani, kisha praima na rangi nyeusi. Tia gundi au skrubu ndogo pale ubao unapoingia kwenye bomba.

   Angalizo moja zito. Kwenye Model T ya wazi ya kabla ya 1926, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Kusaga chuma, kuchomelea au kutumia kipuliza moto ukiwa ndani ya gari hilo ni kucheza na roho yako. Toa vyuma ukavifanyie kazi mbali.

6. Sawazisha bodi. Hatua hii karibu kila anayeanza huiruka. Weka gari kwenye sakafu tambarare, tairi zijazwe upepo sawa, kisha fungua na ufunge kila mlango. Mlango ukikwaruza sasa, rekebisha bolti na vipande vya kunyanyulia bodi juu ya chesisi kabla paa halijakazwa. Fremu ya kioo cha mbele iwe imefungwa mahali pake na imesimama inavyotakiwa.

7. Simamisha matao. Ndiyo hatua ya kwanza inayotaka mtu wa pili. Inueni paa, fungeni mbele kwenye kioo, kisha lazeni fito juu ya matao na kuzifunga kwa kamba au misumari ya muda ili kila tao likae kwenye kipimo chako cha hatua ya kwanza. Sasa pima mishazari: kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 6 hivi, fremu imekwenda upande. Sukuma, funga upya, pima tena. Baada ya futi, tumia jicho: simama hatua kumi mbele ya gari, kisha nyuma, kisha ubavuni. Mstari wa paa uwe mmoja kutoka mbele hadi nyuma, bila tao moja kuchomoza kama mbavu ya punda mwenye njaa. Tao la kati likizidi kimo kwa kidole kimoja tu, kitambaa kitakaa juu yake kama hema.

   Ukitaka kutumia siku nzima kwenye hatua moja ya kazi hii, itumie hapa.

8. Mikanda, kisha kunja. Gongelea mkanda kwenye ubao wa bodi nyuma, upitishe juu ya kila tao hadi la mbele, ukiukaza kwa nguvu ya kiasi. Gongelea kwenye kila tao. Miwili yote ikazwe sawa. Ikipigwa kwa kidole itoe sauti inayokaribiana. Ondoa fito na upime tena.

   Halafu, kabla ya kitu kingine chochote, likunje paa. Mikanda ndiyo itakayokuambia kama matao yanalala vizuri au yanagongana. Tatizo la kukunja likionekana sasa, dawa yake ni kung'oa misumari michache. Likionekana baada ya kitambaa, dawa yake ni machozi.

9. Vika matao, weka pedi. Kwenye magari mengi sehemu ya tao inayoonekana ukiwa ndani huvikwa kitambaa chembamba. Mshono wake uelekee juu, utafichwa. Pedi ni kitambaa kilichokunjwa kikiwa na pamba nyembamba ndani, zinalala juu ya mikanda na kugongelewa kwenye kila tao. Upana na unene chukua kwenye zile za zamani. Usiweke sponji nene ukidhani unaongeza ubora; utapata matuta mawili marefu yanayoonekana toka barabara ya pili.

10. Kiolezo na kukata. Tandika marekani juu ya fremu, bana kwa vibanio, vuta mpaka isiwe na mkunjo. Weka alama ya katikati kwenye marekani na kwenye kila tao. Chora mstari wa mshono juu ya katikati ya pedi, chora ukingo wa mbele, wa nyuma na wa pembeni. Ongeza sentimita 5 kila mahali patakapogongelewa na sentimita 2 kwa mishono. Kitambaa chenyewe kifungue kwenye roli na kukilaza usiku kucha kabla ya kukata, kitoke mikunjo. Nyuzi za urefu zielekee mbele na nyuma ya gari kwa vipande vyote. Kipande kimoja ukikigeuza ili kubana matumizi, kitavutika tofauti na wenzake.

11. Kushona. Mpe fundi mwenye cherehani nzito yenye mguu unaotembea (unaosogeza tabaka la juu pamoja na la chini), ile ya viti au turubai. Ya nyumbani itakwama kwenye tabaka la nne. Urefu wa mshono milimita 4 hadi 5. Mwambie mambo mawili: uzi upitishwe kwenye nta, na ukingo unaofunika kwenye kila mshono uelekee chini, upande ambao maji yanateremkia. Mwambie pia asitoboe kitambaa kwa pini katikati. Tundu halizibiki.

12. Pazia la nyuma. Linatangulia kitambaa cha juu, kwa sababu cha juu kitalifunika kwenye tao la mwisho na maji yatateremka juu yake. Gongelea kwa muda juu kwenye tao na chini kwenye bodi, tazama kama dirisha liko katikati na usawa. Dirisha la asili likiwa la seluloidi, usilirudishe kwa ajili ya uasilia peke yake. Hugeuka manjano, hupasuka, na linashika moto kwa haraka ya kutisha. Tumia plastiki safi, au kioo chenye fremu kama gari lako ndivyo lilivyokuja.

13. Kugongelea kitambaa cha juu. Hapa mtu wa pili anarudi. Fanya asubuhi jua likiwa limepanda kiasi, kitambaa kikiwa na joto na ulaini. Saa saba mchana pale Mombasa au Dar kinalainika mno, mtakivuta kupita kiasi. Ukikigongelea kwenye baridi ya asubuhi ya Limuru, kitalegea jua likiwaka.

    Linganisha alama za katikati. Msumari wa kwanza katikati ya tao la nyuma, wa pili katikati ya tao la mbele huku mwenzako akivuta. Misumari yote kwa sasa ipigwe nusu tu, uweze kuing'oa. Endelea kutoka katikati kuelekea pembeni, mara kushoto mara kulia, nyuma kisha mbele, kila sentimita 5. Mvuto wa kwanza ni wa urefu. Wa upana unafuata. Mishono iwe juu ya pedi kwa mstari ulionyooka. Rudi nyuma, tazama, ng'oa, vuta, gongea tena. Mkiridhika, pigeni ndani yote na kujaza katikati ili iwe kila sentimita 2.5.

    Usigongelee kitambaa cha juu kwenye matao ya kati. Pedi na mikanda ndizo zilizoshikwa hapo. Kitambaa kinashikwa mbele na nyuma. Kila msumari wa kati ni tundu la mvua juu ya kichwa cha abiria.

    Stepla badala ya misumari? Kwa gari la matumizi, sina ugomvi, mradi pini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hazimalizi mwaka pwani. Kwa gari unalotaka kulipeleka mbele ya majaji, kama kwenye Concours ya Nairobi, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, piga misumari.

14. Utepe wa kufichia. Kata ziada, paka gundi nyembamba juu ya vichwa vya misumari kwenye tao la nyuma, kisha gongelea utepe wenye mfuko unaojifunga juu ya misumari yake. Miisho yake imalizie kwa vile vichuma vidogo vya ncha. Ukingo wa mbele na wa pembeni umaliziwe kwa utepe wa kitambaa kile kile.

15. Mapazia ya pembeni. Yangoje hadi paa limekaa siku kadhaa, kwani yanapimwa kwa paa lilivyotulia. Vifungo vya kwenye bodi vibaki kwenye matundu ya zamani. Paka chaki kwenye kichwa cha kifungo, lisimamishe pazia, libonyeze: alama ndiyo mahali pa kutoboa. Anzia juu, shuka chini, mwisho kando.

16. Liache wima. Wiki mbili, juani mchana, bila kulikunja. Kitambaa na mikanda vinahitaji kuzoeana na umbo hilo.

Kukunja bila kuharibu

Paa la Model T za zamani linaitwa la watu wawili, na ni kweli: mmoja kila upande. Fungua mbele, rudisha matao taratibu, na kila mnaposhusha, vuteni kitambaa kitoke nje nyuma kati ya tao na tao. Kitambaa kilichobanwa katikati ya mbao mbili zinazotikisika barabarani kinatoboka siku hiyo hiyo. Matao yakishalala kwenye viegemeo vyake, yafungwe kwa mikanda ya ngozi. Kuendesha yakiwa huru ni kuyavunja. Usikunje paa bichi. Kama mvua imekukuta, lisimamishe nyumbani likauke. Kuosha ni maji, brashi laini na sabuni ya kawaida. Petroli na dawa za kung'arisha dashibodi zisikaribie, zinakula mpira.

Likikataa

*Mikunjo ya mshazari kutoka pembe moja hadi nyingine.* Fremu haiko pembe mraba. Kuvuta kitambaa zaidi hakusaidii. Ng'oa mbele, pima mishazari, rekebisha matao, gongea upya.

*Mikunjo midogo pembe za nyuma tu.* Hii ni ya kitambaa. Ng'oa misumari ya pembe, gawa ziada katika mikunjo midogo iliyofichwa chini ya utepe, au pasha kwa kikausha nywele ukivuta polepole.

*Maji yanatuama kati ya matao.* Mikanda imelegea au ilikazwa mmoja zaidi ya mwingine. Jua kali halitaliondoa hilo.

*Paa halifiki kwenye kioo, limebaki sentimita mbili au tatu.* Kabla ya kulaumu kitambaa, pima tao la nyuma. Mara nyingi limesimama nyuma kuliko kipimo, na pazia la nyuma nalo lilikatwa kulifuata. Kama kipimo kiko sawa, liache juani saa mbili na ujaribu na mwenzako. Usilazimishe kwa kuvuta fremu ya kioo. Kioo ndicho kitakachopasuka.

*Mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwaruza.* Paa limekazwa hadi likavuta bodi, au bodi haikusawazishwa. Legeza mbele na ujaribu mlango. Mlango ukifunga, punguza mvuto. Usipofunga, rudi hatua ya 6.

*Linapiga makofi barabarani.* Kipande cha ubavuni kimelegea, au mikanda ya kufungia mbele haikukazwa. Kazia ya mbele kwanza.

*Linavuja kwenye mshono.* Sugua nta upande wa ndani, pasha kidogo iyeyuke iingie kwenye matundu ya sindano. Likivuja kwenye msumari wa tao la kati, unajua aliyeuweka. Ung'oe, ziba kwa gundi ya mpira upande wa ndani, na kiraka kidogo juu yake.